Mzawa Alipoleta Posa

"Usinishike mkono hapa!"

"Kwa nini, una upele?"

"Dobi, nakuomba. Wageni wanapita."

Dobi akauachia ule mkono polepole, kama mtu anayerudisha sahani aliyokuta ina nywele. Walikuwa wamesimama nje ya duka la aiskrimu, asubuhi kweupe, jua linachoma, na mchumba wake hakuwa na shati. Kiunoni alikuwa amejifunga kipande cha zulia la manyoya, lile lililokuwa mapokezi ya hoteli likachakaa, wakalitupa. Kichwani manyoya ya kuku yaliyochovywa rangi nyekundu. Usoni chokaa.

Dobi aliyajua yale mavazi kuliko aliyeyavaa, maana yalikuwa yanaletwa kwake dobini pamoja na mashuka ya hoteli. Lile zulia lilikuwa likiloa linanuka kama mbwa.

"Mwanaume mzima," alisema, "unatembea na zulia barabarani."

"Ni kazi hii."

"Kazi iko kule ndani ya geti la Kijiji. Hapa ni mbele ya muuza vocha. Na muuza vocha anakujua, mlango wa kibanda chake umeuchomea wewe."

"Bosi wetu, Mama Kijiji, hataki tuonekane na suruali mji mzima. Mgeni akikuona kwenye maonyesho wewe ni mwana wa chifu. Kesho akukute na jinzi unanunua mkate, anajiona ameibiwa."

"Mwana wa chifu! Baba yako alikuwa anauza stempu posta."

"Punguza sauti basi!"

Watu wa mtaani walimwita Mzawa, kwa kumcheka. Yeye alidhani wanamsifia. Dobi peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Fundi, kwa sababu alimpenda akiwa fundi. Wakati ule alikuwa anachomelea mageti, suruali imetobolewa na cheche, mikono ina alama za moto mpaka kwenye kiwiko. Na alikuwa na mdomo huyo kijana! Siku aliyokuja kutengeneza mlango wa dobini, aliinama kwenye bawaba, akasema bila hata kugeuka:

"Dada, ukimaliza kufua mashuka ya watu, na huu moyo wangu uutie kwenye maji. Una masizi."

Wafanyakazi wote walicheka. Dobi hakucheka, ila jioni ile alichanganya taulo za bwawani na taulo za vyumbani, akagombezwa, na hakusikia hata alichogombezwa. Kwa maneno ndivyo alivyonaswa. Wapo wanaonaswa kwa gari. Yeye alinaswa kwa maneno, na hakuona aibu.

Kisha akaja Mama Kijiji. Alikuja kama mgeni wa wiki mbili, akapenda upepo, akarudi na masanduku. Akanunua uwanja wa mpira wa vijana, akajenga vibanda vya nyasi ambavyo hakuna bibi wa mtu yeyote aliyewahi kulala ndani yake, akaandika getini: Kijiji cha Asili. Ngoma alitunga mwenyewe. Nyimbo alitunga mwenyewe. Mila alitunga mwenyewe, akawafundisha wenyeji, na ukikosea mila zako alikuwa anakukata mshahara.

Pale nje ya duka la aiskrimu wakatokea wageni wawili, mke na mume, wamevaa bukta, pua zimeiva. Dobi akaona kwa macho yake jinsi Fundi alivyobadilika. Mabega yakapanda, meno yakatoka nje yote.

"Jambo, jambo! Mimi furaha sana! Wewe furaha?"

Wale wakafurahi. Mke akamwonyesha Dobi kwa kidole, akauliza kitu.

"Hii dada," Fundi alisema. "Dada yangu. Dada mzuri."

Yule mama akamkumbatia Dobi jasho kwa jasho, mume akapiga picha, wakaenda zao wakipunga mikono.

"Dada yako?" Dobi aliuliza.

"Ulitaka niseme nini? Mama Kijiji amewaambia mwana wa chifu haoi mpaka aue simba."

"Na umeshaua wangapi?"

"Dobi..."

"Nauliza tu, nijipange. Jumapili unaleta posa nyumbani, au tunamsubiri huyo simba?"

Fundi akatazama kushoto, akatazama kulia. Alipoona hakuna mgeni, akamgusa kidole kidogo, haraka, kama mwizi.

"Nakuja, mpenzi wangu. Haki ya Mungu. Nakuja na mjomba."

Na Dobi, kwa kile kidole kidogo tu, akalainika. Ndiyo mapenzi hayo, yana ujinga wake.

*

Alipokuwa anarudi nyumbani alipita dukani kununua sabuni.

"Jambo, dada!" mwenye duka akamchangamkia.

Dobi akasimama. "Jambo na mimi?"

"Aa, samahani, mwanangu. Mdomo umezoea."

"Nimezaliwa nyuma ya duka lako."

"Ndiyo, ndiyo. Za kutwa? Mama hajambo? Unataka sabuni ipi, sabuni ya asili?"

"Nataka sabuni ya kufulia."

"Hiyo siku hizi siweki. Wageni hawainunui."

Nyumbani aliwakuta wote uani. Baba yake, mshona viatu, alikuwa anapiga soli. Mama yake alikuwa anahamisha magodoro, kwa sababu chumba cha watoto kilikuwa kimepangishwa kwa mgeni aliyekuja kutafuta utulivu, na watoto sasa walilala jikoni. Shangazi yake, msusi, alikuwa amekaa na mdomo wake, na mdomo wa Shangazi hauhitaji mtu wa pili.

"Haya, bibi harusi," Shangazi akaanza. "Nasikia mkwe wetu ameonekana mjini amevaa zulia."

"Shangazi, ni kazi yake."

"Sijakataa. Nauliza tu, akija hapa tumkaribishe kwenye kiti au tumtandike sebuleni?"

Mama akacheka mpaka akaliachia godoro. Baba hakucheka.

"Jumapili anakuja na nani?" aliuliza.

"Na mjomba wake, Baba."

"Mjomba wake namfahamu. Mtu mwenye heshima. Basi waje. Kijana yule mimi simchukii. Alipokuwa fundi alikuja hapa kunitengenezea cherehani, akakaa, akaniamkia, akazungumza kama mtoto aliyelelewa."

"Hiyo zamani," alisema Shangazi. "Kabla hajaanza kuongea kama Mama Kijiji. Hebu niambieni, huyu mwanamke amekaa hapa tangu sijaota mvi. Amejifunza nini? 'Mimi taka, wewe leta.' Basi. Badala ya yeye kuongea kama sisi, mtaa mzima unaongea kama yeye! Juzi namsuka mteja, jirani yangu kabisa, ananiambia, 'Dada, nywele mzuri sana, mimi furaha.' Nikamkazia msuko mpaka nyusi zikapanda."

Dobi alicheka pamoja nao. Lakini moyoni alikuwa anaomba kitu kimoja tu: Jumapili Fundi aje akae mbele ya baba yake, aseme yale maneno yake. Akifungua mdomo tu, Baba atakumbuka, Shangazi atanyamaza, na yale manyoya yatasahaulika. Mashaka yote yatakwisha.

*

Jumamosi mchana, mikono imo kwenye povu, simu ikalia kwa ujumbe.

"Mpenzi kesho kuna kundi kubwa la wageni siwezi kutoka kazini. Ila nimepata wazo zuri sana. Nipigie."

Dobi akajifuta mikono kwenye aproni, akapiga.

"Wazo gani, Fundi?"

"Sikiliza, usikasirike kwanza. Nimemwambia Mama Kijiji kuhusu posa. Amefurahi mpaka amelia! Anasema tufanyie pale pale Kijijini. Viti juu yake, vinywaji juu yake, mapambo juu yake."

"Na wageni?"

"Wao wanakaa pembeni, wanaangalia tu. Wamechoka maigizo, wanataka kitu cha kweli."

"Posa yangu ndiyo kitu cha kweli."

"Ndiyo! Umeona sasa?"

"Na baba yangu anakaa wapi?"

"Katikati. Atakuwa mzee wa ukoo. Hana la kufanya kabisa, avue shati tu."

Nyuma ya Dobi mashine ilikuwa inazungusha mashuka, dum, dum, dum.

"Halo? Dobi? Na Shangazi apige vigelegele kila mtu akimaliza kuongea. Lakini virefu, maana vifupi kwenye video havisikiki vizuri."

"Fundi."

"Naam, mpenzi."

"Baba yangu avue shati mbele ya watu wenye bukta?"

"Mbona mimi navua?"

"Ndiyo maana nakuuliza kwa upole. Ukimtuma mtu mwingine aniambie maneno haya, nammwagia maji ya jiki. Posa inaletwa nyumbani. Kama hutaki, sema hutaki."

Sauti ya Fundi ikashuka, ikawa ile ya zamani, ile ya kwenye bawaba za mlango.

"Nataka, jamani. Nakutaka wewe mpaka usingizi unanikimbia. Basi, nitamwambia tunakuja nyumbani. Umenisikia? Nyumbani kwenu, uani kwenu, kwa baba yako. Futa hiyo hasira, wewe ndiye usafi wangu."

Dobi akakata simu, akarudi kwenye povu, akitabasamu kama aliyeokota kitu.

*

Jumapili uwanja ulifagiwa mpaka ukachoka. Viti vya plastiki viliazimwa kwa majirani. Soda zilikuwa kwenye friji, biskuti kwenye sinia. Baba alivaa shati jeupe ambalo Dobi alilipiga pasi mwenyewe. Shangazi alijipaka wanja.

Wakasikia breki za basi.

"Wamekuja na basi?" Mama aliuliza. "Ukoo wote?"

Geti likafunguliwa. Aliyetangulia alikuwa Mama Kijiji, amejifunga vitambaa vitatu na shanga za kutosha kufungua duka. Nyuma yake wageni, kundi zima, bukta na kofia na simu zimeinuliwa juu. Nyuma yao Fundi, zulia kiunoni, manyoya kichwani. Na pembeni yake mjomba. Ila hakuwa mjomba. Alikuwa mlinzi wa geti la hoteli, amebandikwa ndevu za pamba.

"Mjomba wako yuko wapi?" Baba aliuliza.

Mlinzi ndiye aliyejibu, kwa aibu, akishikilia ndevu zisidondoke. "Shikamoo, mzee. Mjomba wake alikataa kuvua shati. Mimi ndiye nimepangwa zamu."

Dobi akamsogelea Fundi. "Uliniambia nini jana?"

"Si nyumbani kwenu hapa?" alinong'ona. "Si uani kwenu? Nimetimiza kila kitu. Vumilia kidogo tu, mpenzi, wameshalipia."

Kufikia hapo Mama Kijiji alikuwa tayari anapanga uwanja.

"Kiti plastiki, hapana! Toa. Mama, friji hii naona kutoka hapa, funika. Televisheni funika. Baba, wewe vua shati. Shati hapana asili."

"Shati hili nimelinunua mwenyewe," alisema Baba. Hakuvua. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, na kile kimoja hakikutolewa, maana hakuna aliyethubutu kukivuta chini yake. Alimtazama binti yake. Yale macho yalikuwa yanauliza: nifukuze, au nivumilie?

Dobi akatikisa kichwa kidogo. Vumilia, Baba. Bado hajafungua mdomo.

Mama Kijiji akapiga makofi. "Sasa! Mzawa, wewe omba bibi."

Fundi akapiga goti mbele ya mshona viatu. Simu zote zikamgeukia. Akapumua.

"Jambo, baba! Mimi penda mtoto yako. Mimi taka oa yeye. Mimi leta ng'ombe mingi. Wewe toa yeye, mimi furaha sana!"

Mama alishika mdomo. Soda iliyokuwa mkononi mwa Shangazi ikabaki katikati ya safari. Baba alikuwa anamtazama yule kijana kwa mshangao wa kweli, kama anayetafuta ni wapi alipougua.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "unaongea na mimi?"

Fundi akashtuka. Hapo ndipo alipojisikia. Dobi aliliona hilo usoni mwake, chini ya chokaa: hakukusudia. Maneno yalikuwa yametoka yenyewe. Hakuwa na mengine tena karibu.

"Fundi," Dobi alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Anza upya. Mwambie baba yangu kama unavyozungumza na mtu. Hawa hawajui hata neno moja, hawatajua umebadilisha. Sema tu kama ulivyokuwa unasema."

Fundi akayavua yale manyoya kichwani, akayashika kifuani.

"Baba, shikamoo," alianza, polepole. "Nisamehe kwa namna nilivyoingia. Mimi ni kijana wako, unanifahamu. Nimekuja mbele yako kwa unyenyekevu, nina neno moja zito..."

Baba akainama mbele kumsikiliza.

"Simama, simama!" Mama Kijiji akaingia kati. "Mimi hapana elewa hii. Mimi taka ambia wageni, sasa namna gani? Mzawa, vaa kofia. Sema vizuri!"

Fundi akamtazama Mama Kijiji. Akamtazama Dobi. Akazitazama zile simu zinazomsubiri.

Akayavaa manyoya.

"Baba," alisema. "Mimi penda mtoto yako."

Shangazi akatoa mguno ambao ungeweza kuvunja glasi. Dobi hakuguna. Alisogea mpaka katikati ya uwanja, akasimama mbele ya mchumba wake aliyepiga goti, na alipofungua mdomo alizungumza haraka, kwa Kiswahili chake chote, bila kumsaidia mtu yeyote kuelewa.

"Inuka hapo, unachafua uwanja nilioufagia. Nilimpenda fundi mwenye suruali iliyotobolewa na cheche, akifungua mdomo hata mashine za kufulia zinataka kunyamaza. Huyo sijui mmemtupa wapi. Wewe umekuja kwa baba yangu, mtu mzima mwenye mvi, ukamsemesha kama mtu anayeita kuku wakale. Ulipata nafasi ya pili, wengi hawapati hata ya kwanza, ukatazama ni nani anayekulipa, ukajifunga manyoya yako. Basi nenda naye. Sikutaki leo wala mwakani. Sikutaki ukiwa na manyoya, sikutaki hata ukinyonyolewa."

"Mwambie!" Shangazi akapaza sauti. "Mwambie, mwanangu!" Na kigelegele kikamtoka, kirefu mno, cha kutoka tumboni.

Wageni wakasisimka. Wakaanza kuulizana. Mama Kijiji akamwinamia Fundi, shanga zikamgonga usoni.

"Mzuri sana hii! Yeye sema nini?"

Fundi alikuwa bado chini. Hapo alikuwa na uwezo wa kusema ukweli, hata kwa ile lugha yake iliyovunjika. Yeye kataa. Maneno mawili tu, na Mama Kijiji angeyaelewa. Dobi alisubiri. Hata baada ya yote aliyoyasema, alisubiri, maana mtu haachi kupenda kwa dakika moja.

"Yeye..." Fundi alisema. Akatazama chini. "Yeye kubali. Yeye furaha sana."

Mama Kijiji akawatangazia wageni kwa lugha yao, mikono juu. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Bibi mmoja mwenye kofia pana alilia kabisa. Wakamwinua Fundi, wakamkumbatia, wakammwagia maua waliyoyachuma kwenye ua wa Mama bila kuomba. Mlinzi akadondosha ndevu na hakuna aliyejali.

Baba akainuka, akakibeba kiti chake mwenyewe, akaingia ndani. Mama akamfuata na sinia la biskuti, hakutoa hata moja. Dobi akapita katikati ya watu waliokuwa wanampigia makofi, wengine wakimgusa bega kumpongeza, akafika mlangoni, akaingia, akafunga.

Nje akabaki Shangazi na soda yake. Alimzunguka Fundi mara moja, akimkagua kama nguo iliyopauka kwenye kamba.

"Tabasamu, bwana harusi," alimwambia. "Unapigwa picha."

Na alitabasamu. Meno yote.

*

Jioni simu ya Dobi ikaita, akaiacha. Ikaita tena, akaigeuza kifudifudi mezani. Kisha ukaingia ujumbe.

"Mpenzi nisamehe. Unajua ile ilikuwa kazi tu. Ningesema umekataa wangedai warudishiwe hela na mimi ningefukuzwa. Jumapili ijayo nakuja bila wageni, na mjomba wa kweli, na suruali. Naomba uniambie nije."

Dobi aliusoma. Alikuwa amekaa jikoni kati ya magodoro ya wadogo zake, macho yamevimba, maana alikuwa amelia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Akaandika taratibu, neno kwa neno, akahakikisha kila herufi iko mahali pake.

"Uje kufanya nini tena? Si nilishakubali? Waulize wageni wako."

Akatuma. Kisha akaifuta namba, akaenda kumsaidia mama yake kurudisha viti vya watu.